Choo kidogo na lavabo: shimo kwanza, karo nyuma

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba,

Kila mwaka, mvua inapokwisha na kiangazi kuanza, hapa Kasapa tunasikia sululu na nyundo kila upande. Mtumishi amepata franga zake, anataka kutengeneza nyumba. Huyu anabomoa ukuta, yule anabadilisha manjanja. Na wengi sasa wanataka jambo moja: chumba kidogo cha choo chenye lavabo, ndani ya nyumba ao karibu yake, kichukue nafasi ya kile choo cha zamani cha nyuma ya lupango. Hakuna bafu, hakuna dushi. Choo na pa kunawia mikono, basi.

Ni wazo jema. Lakini katika kutembelea nyumba za watumishi nimeona vyumba vingi vya namna hii vilivyo vizuri kwa macho na vibaya kwa afya. Karo zinang'aa, lavabo ni nyeupe, na nyuma ya ukuta shimo la choo limekaribiana na kisima kama jirani na jirani yake. Kwa hiyo leo ukurasa huu utaonyesha namna ya kupanga chumba hicho kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti.

HATUA NANE

Mwezi wa pili, wakati wa mvua nyingi, mtumishi mmoja alituletea dispansere mtoto wake wa kike wa miaka mitatu. Alikuwa anahara maji matupu tangu usiku. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na tulipovuta ngozi ya tumbo ilirudi polepole. Hakuwa na nguvu hata ya kulia. Tukampa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, kisha serumu katika mshipa. Alipona. Wengine wanaofika kwa kuchelewa hawaponi.

Siku ya tatu nikaenda kwao. Baba alinionyesha choo kipya alichojenga kiangazi kilichopita: ukuta umepakwa rangi, karo za buluu, lavabo yenye kioo juu yake. Nilitoka nje, nikahesabu hatua kutoka shimo hadi kisima. Zilikuwa nane. Baba akaniuliza, «Mganga, nilitumia franga za miezi minne ili watoto wangu wasiugue. Nimekosa wapi?»

Hakukosa kwa franga, wala fundi wake hakukosa kwa kazi ya ukuta. Walikosa katika mpango. Walianza kwa karo wakamalizia kwa shimo, na shimo wakalichimba pale palipobaki. Shurti kufanya kinyume.

UCHAFU UNATEMBEA CHINI YA UDONGO

Wengi wanafikiri kwamba kitu kikiingia shimoni kimekwisha. Hakijakwisha. Maji ya shimo yanapenya katika udongo, yanashuka, yanakutana na maji yale ya chini ambayo kisima kinayavuta. Udongo unachuja uchafu, ni kweli, lakini unahitaji nafasi ya kuchujia. Kama nafasi ni fupi, vijidudu vya kuhara, vya tifoidi na vya kolera vinafika kisimani vikiwa hai. Maji yanabaki safi kwa macho. Hayana harufu. Mama anateka, mtoto anakunywa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1854, mjini London, kolera iliua mamia ya watu katika mtaa mmoja kwa siku chache. Mganga mmoja, John Snow, alitembea nyumba kwa nyumba akaona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wakiteka maji kwenye pampu moja ya Broad Street. Mkono wa pampu ukaondolewa. Nyuma yake walichimba wakaona chanzo: katika nyumba iliyo jirani na pampu kulikuwa mtoto mchanga aliyeugua kuhara, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi zake katika shimo la nyumba. Kuta za shimo hilo zilikuwa zimeoza, na kati ya shimo na kisima hakukuwa hata metre 1.

Kolera ya siku zetu ilianza Indonesia mwaka 1961, ikafika Afrika mwaka 1970. Hapa Lubumbashi tumeiona kwa macho yetu, mwaka 2008 na tena mwaka 2013, zote mbili wakati wa mvua. Mtu mzima aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza karibu litre 1 ya maji kila saa. Hesabu mwenyewe saa ngapi zinabaki kama mgonjwa analala nyumbani akingojea kukuche.

PANGA SHIMO KWANZA

Chukua kamba. Funga fundo kila metre moja. Kwa kamba hiyo utapima mambo mawili.

La kwanza ni umbali. Kati ya shimo la choo na kisima shurti kuwe metre 30. Tena choo kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu. Utaniambia: «Mganga, lupango langu ni metre 20 kwa 30, metre 30 nitazitoa wapi?» Zipo. Pima kutoka pembe hadi pembe ya kukabiliana: utapata metre 36. Kisima kikiwa katika pembe moja na choo katika pembe ya pili, umefika. Lakini kama lupango ni metre 15 kwa 20, pembe kwa pembe ni metre 25 tu. Hapo usijidanganye: maji ya kisima hicho yawe ya kufulia na ya kufagilia, na maji ya kunywa yatoke kwenye bomba, ao yachemshwe, ao yatiwe dawa ya klori kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Tena, usipime ndani ya lupango lako peke yake. Kisima cha jirani pia ni kisima, na choo chake pia ni choo. Unaweza kuweka shimo lako mbali kabisa na kisima chako, kumbe umelibandika kwenye kisima cha watoto wa jirani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kujenga choo ni kubisha hodi kwa majirani wa pande zote. Mkipatana, vyoo vya malupango mawili vinaweza kukaa mgongo kwa mgongo kwenye mpaka mmoja, na visima vikabaki upande mwingine. Mapatano hayo hayana bei, na hakuna simenti inayoweza kufanya kazi yake.

La pili ni kina. Chini ya shimo na juu ya maji ya udongo kubaki metre 1 na nusu ya udongo mkavu. Hapa wengi wanakosa, kwa sababu tunachimba kiangazi. Mwezi wa saba maji ya kisima yameshuka, kila mtu anachimba kwa furaha. Mwezi wa pili ao wa tatu maji yanapanda, na shimo linaogelea ndani yake. Basi shusha kamba kisimani wakati maji yako juu kabisa, mwezi wa pili ao wa tatu, uandike namba ukutani. Kama maji yako metre 4 chini, shimo lisipite metre 2 na nusu. Pima wakati wa mvua, jenga wakati wa kiangazi: hiyo ndiyo kalenda ya mtu mwenye akili.

Ukubwa wa shimo nao unahesabiwa. Tuseme kila mtu anajaza karibu litre 60 kwa mwaka. Nyumba ya watu 8 inajaza litre 480. Shimo la metre 1 kwa metre 1 na santimetre 20, lenye kina cha metre 2 na nusu, linabeba litre 3.000, tukiacha nusu metre ya juu bila kujaza, zinabaki litre 2.400. Gawanya: miaka 5. Sasa unajua mwaka gani utahitaji shimo jingine, na unajua kwamba shurti uache nafasi yake tangu leo.

Ukutani mwa shimo, metre ya juu ijengwe kwa matofali na simenti ili udongo usibomoke. Chini yake matofali yaachiwe nafasi ili maji yatoke. Shimo likae angalau metre 3 kutoka msingi wa nyumba.

NANI ATABEBA MAJI?

Sasa tufike kwenye kiti cha choo. Wengi wanaanza hapa, kwa sababu wamekiona katika duka la mjini kikiwa na tangi lake zuri. Kabla ya kulipa, jiulize: maji ya tangi hilo yatatoka wapi?

Tufanye hesabu. Watu 8, kila mmoja anakwenda choo mara 4 kwa siku: ni mara 32. Viti vya zamani vinakula litre 9 kila mara. Ni litre 288 kwa siku, ni kusema bido 14 na zaidi za litre 20. Kama bomba la Regideso linatoa maji usiku na mchana nyumbani kwako, vema. Kama sivyo, bido hizo 14 zitabebwa na bibi yako na binti zako. Baada ya juma moja watachoka, choo kitabaki bila maji, na choo cha tangi kisicho na maji ni kibaya kuliko shimo la babu zetu.

Iko njia ya kati. Ni kiti ao sahani ya choo yenye sifoni, inayosafishwa kwa kumwaga maji kwa mkono, litre 2 tu. Mara 32 ni litre 64: bido 3 na kidogo. Sifoni ni ile shingo iliyopinda inayobakiza maji. Maji yale ni mlango: yanazuia harufu kupanda na nzi kushuka. Choo cha namna hii kinaweza kuwa ndani ya nyumba bila aibu, na shimo likawa nje, mbali. Tiyo ya kutoka choo hadi shimo iwe ya santimetre 10, inyoke bila kona, na ishuke santimetre 3 kila metre. Siku bomba litakapokuwa la kuaminika, unaweza kuongeza tangi juu yake. Ila tangi linaleta maji mengi shimoni, kwa hiyo muulize fundi kwanza kama shimo litayameza ao kama shurti ujenge fosi yenye vyumba viwili.

Kama hata litre 64 ni nyingi kwenu, jenga choo kikavu chenye bomba la hewa, bila kuona haya. Namna hii ilitengenezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Bomba la santimetre 15 linatoka shimoni na kupita juu ya manjanja kwa nusu metre, na mdomo wake umefunikwa kwa wavu mwembamba. Upepo unaopita juu unavuta harufu. Nzi walio shimoni wanafuata mwanga wa bomba, wanakwama kwenye wavu, wanakufa. Ili kazi hiyo ifanyike, chumba kiwe na giza kidogo na wavu usitoboke. Lakini choo hiki kikae nje ya nyumba.

CHUMBA CHENYEWE

Chumba cha choo na lavabo hakihitaji ukubwa. Metre 1 na santimetre 20 kwa metre 1 na santimetre 80 inatosha vizuri. Chora kwanza kwa chaki chini kwenye udongo, weka sanduku pahali pa kiti na basani pahali pa lavabo, uingie, ukae, uinuke, ugeuke. Mwite mama mwenye mimba naye aingie. Mwite mzee. Kile kitakachowasumbua kwenye chaki kitawasumbua miaka 20 kwenye ukuta.

Kutoka katikati ya kiti hadi ukuta wa upande, acha santimetre 40. Mbele ya kiti acha santimetre 60. Lavabo iwe santimetre 80 hadi 85 kutoka chini, na chini yake weka kibao imara cha watoto kupandia. Mtoto asiyefikia maji hanawi.

Mlango ufunguke kwa nje. Sababu yake ni hii. Mzee ao mgonjwa akianguka ndani ya chumba kidogo, mwili wake unaziba mlango. Kama mlango unafunguka kwa ndani, wenye kumsaidia wanasukuma mwili wake, ao wanavunja mlango huku dakika zinapita. Mlango wa nje unafunguka, wanamvuta. Kifunga-mlango cha ndani kiwe cha namna ambayo mtu wa nje anaweza kukifungua kwa kisu ao sarafu.

Dirisha dogo liwe juu, lenye wavu. Karo za ukutani ziwe laini kama upendavyo, lakini za chini ziwe na mkwaruzo: karo laini na maji ya sabuni huvunja mifupa ya nyonga ya wazee. Sakafu iinamie upande mmoja, santimetre 1 ao 2 kila metre, ili maji ya kufagilia yatoke yenyewe. Kama hutaki karo, sakafu ya simenti iliyosuguliwa vizuri inafaa sawasawa na inasafishika.

Taa iwepo. Mtoto anayeogopa giza anajisaidia nje ya mlango. Kiwashio kiwe nje ya chumba, na karibu na lavabo kusiwe tundu la umeme. Mkono wenye maji na umeme havipatani.

LAVABO SI PAMBO

Wengine wanaacha lavabo ya mwisho, kama pambo, na franga zikiisha hawaiweki. Mimi nasema, kama shurti kupunguza kitu, punguza karo, acha lavabo. Uchafu wa choo unarudi kinywani kwa mkono: mkono wa mama anayepiga bukari, mkono wa mtoto anayekula embe. Kunawa kwa sabuni nyuma ya kutoka choo na kabla ya kushika chakula kunapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Hakuna dawa ya dispansere yetu inayofanya hivyo kwa bei ya kipande cha sabuni.

Na sisi watu wa migodi tuna sababu ya pili. Mwaka 2009 walimu wa Universite ya Lubumbashi, iliyo hapa hapa jirani yetu, pamoja na wenzao wa Leuven wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliona kobalti na metali nyingine kwa wingi sana kwa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda, na watoto walikuwa na kobalti kuliko wakubwa. Mtoto anacheza chini, vumbi linashika vidole, vidole vinaingia kinywani. Na wewe baba, vumbi hilo unaweza kulileta nyumbani katika nguo na mikono. Kwa hiyo, ukipanga chumba chako, weka lavabo pale ambapo mtu anayetoka kazini anaifikia kabla ya meza na kabla ya kumbeba mtoto. Ikiwezekana iwe upande wa mlango, hata nje ya ukuta wa choo.

Huna bomba? Weka bido ya litre 20 yenye robine chini yake, juu ya meza ya matofali, na basani chini. Ni lavabo kamili. Maji ya kunawa yaende katika shimo lake dogo lililojazwa mawe, yasiingie katika shimo la choo kulijaza bure. Sabuni itobolewe na kufungwa kwa kamba, isipotee.

USALAMA WA KAZI YENYEWE

Kazini hakuna anayeruhusiwa kuingia shimoni bila kofia na bila mwenzake. Waliofanya kazi chini kule Kipushi wanajua kwamba mtu haingii katika hewa asiyoijua. Lakini mtu huyo huyo, siku ya mapumziko, anashuka peke yake katika shimo la metre 3 nyumbani kwake, miguu mitupu. Kwa nini?

Basi tushike amri tano.

1. Usichimbe peke yako. Mwenzako akae juu, na kamba iwe imefungwa tayari.

2. Udongo unaotoa uutupe mbali na mdomo wa shimo, angalau metre 1. Uzito wake ndio unaobomoa ukuta juu ya mchimbaji. Udongo ukiwa wa mchanga ao umelowa, simama, jenga ukuta kwanza.

3. Usishuke kamwe katika shimo la zamani ao katika fosi, hata kama ni kuokota kitu, hata kama ni la kina kidogo. Ndani yake mna gesi mbaya na hewa haitoshi. Gesi moja inanuka kama mayai mabovu, lakini ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia. Mtu anaanguka mara moja. Wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Mwenzako akianguka humo usimfuate: mvute kwa kamba kama amefungwa, ita msaada.

4. Kifuniko cha beto kiwe na unene wa santimetre 8, chenye vyuma vya milimetre 8 kila santimetre 15 kwa pande zote mbili. Changanya simenti ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Kifunike kwa magunia yaliyolowa, ukinyunyizie maji siku 7 bila mtu kukikanyaga. Anayekimbilia kukiweka siku ya pili anawawekea watoto wake mtego.

5. Choo cha zamani kisiachwe wazi. Mbao zake zimekwisha kuoza chini hata kama juu zinaonekana nzima. Kijaze udongo hadi juu, uongeze tena udongo unapodidimia, uweke alama. Pasichimbwe kabla ya miaka 2. Mtoto wa jirani hajui kwamba zamani hapo palikuwa choo.

FRANGA ZIENDE KWA MPANGO

Najua mshahara hautoshi kufanya yote mara moja. Basi fuata mstari huu, na pale franga zinapoishia, kazi iliyofanyika itakuwa imelinda nyumba tayari: kwanza shimo pahali pake na kifuniko imara, pili, kiti ao sahani yenye sifoni na tiyo yake, tatu, ukuta, manjanja na mlango, nne, pa kunawia mikono na sabuni, tano, taa, na mwisho kabisa rangi, karo na kioo. Matofali ya udongo wa kichuguu yaliyochomwa vizuri yanafaa sana kwa ukuta, usione haya kwamba si ya dukani.

Fundi naye umpe mpango kwenye karatasi, pamoja na namba: kina, umbali, mteremko wa tiyo. Fundi asiye na namba anaweka kitu pale mkono wake unapofika. Na kabla ya kufunika tiyo kwa udongo, mwaga ndoo moja ya maji mbele yake mkaangalie pamoja kama inafika shimoni bila kurudi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAMA KUHARA KUMEINGIA NYUMBANI

Usingoje. Katika litre 1 ya maji safi tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya mlima. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, bila kuacha, na kama anatapika ngoja dakika 10 uendelee. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na wakati unampa, uwe njiani kuja dispansere. Nguo na matapishi ya mgonjwa usivioshe kisimani wala karibu nacho. Mkumbuke yule mama wa London.

NA YULE BABA?

Mtamwuliza habari zake. Alikaa na jirani wa nyuma jioni moja, wakapima kwa kamba yangu yenye mafundo. Waliona kwamba pembe ya nyuma, karibu na choo cha jirani yule, iko metre 31 kutoka kisima chake na metre 33 kutoka kisima cha jirani. Kiangazi kilipofika alichimba pale. Shimo la zamani alilijaza. Tangu siku ile ya kwanza hadi leo maji ya kunywa ya nyumba yake yanachemshwa, na bibi yake ndiye anayeangalia kwamba yamechemka kweli.

Karo za buluu alizibandua moja moja kwa patasi. Nyingi zilivunjika. Zile zilizobaki nzima amezipanga juu ya lavabo mpya, iliyo karibu na mlango, na chini yake kuna kibao. Nilipopita mara ya mwisho yule mtoto alikuwa amesimama juu ya kibao hicho, ananawa, anamwaga maji mengi kuliko yanavyohitajika. Hakuna aliyemgombeza.

Ndugu mtumishi, kama unataka kujenga kiangazi kinachokuja, njoo dispansere kabla ya kuita fundi. Leta urefu na upana wa lupango lako, na namba ya kamba ya kisima. Tutachora pamoja. Karatasi moja na nusu saa yako: ndiyo bei yake.

Msaidizi wa mganga, dispansere ya Kasapa